Mkurugenzi wa michezo katika vyuo vikuu vya Marekani: cheo, kazi na maneno yake

1. Utangulizi

Tarehe 30 Septemba 2024 Dikembe Mutombo aliaga dunia akiwa na umri wa miaka 58. Siku chache baadaye tuliwapa wanafunzi wetu wa tafsiri habari fupi ya Kifaransa iliyosimulia maisha yake: jinsi alivyozaliwa Kinshasa mwaka 1966, jinsi alivyokwenda Chuo Kikuu cha Georgetown, mjini Washington, mwaka 1987, kwa burse ya serikali ya Marekani, akiwa na nia ya kuwa daktari, jinsi John Thompson, mwalimu wa mpira wa kikapu chuoni hapo, alivyomwona na kumtia katika timu, na jinsi alivyohitimu mwaka 1991 katika masomo ya isimu na diplomasia. Kwamba mchezaji yule mrefu alikuwa mwanaisimu mwenzetu, jambo hilo liliwafurahisha sana wanafunzi.

Kazi ilikwenda vema mpaka walipofika kwenye sentensi iliyomtaja mkuu wa idara ya michezo ya chuo. Hapo kalamu zilisimama. Mmoja aliandika «mwalimu wa timu», wa pili «mkuu wa riadha», wa tatu «bwana michezo». Kila mmoja alikuwa na sababu zake, wala hakuna aliyekitaja kitu chenyewe. Kosa halikuwa la wanafunzi. Mtu hawezi kutafsiri cheo ambacho hajapata kukiona, na cheo hicho hakipo katika vyuo vikuu vyetu.

Makala haya yanakusudia kuziba pengo hilo. Tutaanza na maneno, kisha tutaeleza asili ya cheo chenyewe na kazi zake; tutaonyesha ubishi mkubwa uliopo Marekani juu ya mchezaji wa chuo kikuu, kama ni mwanafunzi au ni mfanyakazi; na mwishoni tutaeleza kwa nini habari hizi zinawahusu hata wanaosomesha Kiswahili.

2. Mitego ya maneno

Mtego wa kwanza umo katika neno «riadha». Asili yake ni Kiarabu, na huko lina maana pana ya mazoezi ya mwili na michezo kwa jumla. Katika Kiswahili cha siku hizi maana yake imepungua: tunaposema riadha tunafikiria mbio, kuruka na kurusha. Wamarekani nao wana neno la asili ya Kigiriki ambalo huko Uingereza lina maana hiyo hiyo finyu, lakini katika vyuo vyao lajumlisha michezo yote: mpira wa kikapu, kuogelea, mieleka, tenisi na mingineyo. Mtafsiri anayemwita Mutombo «mwanariadha» anamfanya mkimbiaji. Afadhali aseme «mwanamichezo».

Mtego wa pili ni wa kwetu sisi tuliosoma kwa Kifaransa. Usemi «directeur sportif» tumeuzoea katika habari za timu za mpira za Ulaya. Huko ni mtu anayetafuta wachezaji, anayenunua na kuuza, na aliye chini ya mwenyekiti wa timu. Msomaji wa Lubumbashi akiusikia hufikiria mara moja mambo ya mikataba ya wachezaji. Lakini mkuu wa michezo wa chuo kikuu cha Marekani hasimamii timu moja. Anasimamia timu ishirini au zaidi, za wanaume na za wanawake, na mkubwa wake kwa kawaida ni rekta mwenyewe.

Mtego wa tatu ni neno «burse». Kwetu burse ni msaada ambao mwanafunzi hupewa ili asome. Burse ya michezo ya Marekani nayo hulipa masomo, chumba, chakula na vitabu. Ila anayeamua nani aipate ni mwalimu wa timu, na sababu ya kuipata ni mguu, mkono au urefu. Neno ni lile lile, lakini mkono unaotoa ni mwingine, na kinachotazamiwa kutoka kwa mpokeaji ni kingine.

3. Asili ya cheo

Mashindano ya kwanza kati ya vyuo vya Marekani yalikuwa ya makasia. Mwaka 1852 wanafunzi wa Harvard na wa Yale walishindana katika ziwa la Winnipesaukee, jimboni New Hampshire, na gharama zao zililipwa na kampuni ya reli iliyotaka kupata abiria. Basi tangu siku ya kwanza biashara ilikuwa imekaa kando ya maji ikitazama. Mwaka 1869 Rutgers na Princeton walicheza mchezo unaohesabiwa kuwa mwanzo wa futboli ya Kimarekani katika vyuo. Rutgers walishinda kwa 6 dhidi ya 4.

Wakati huo wanafunzi wenyewe ndio walioendesha kila kitu: walichagua nahodha, walichanga fedha, walitafuta uwanja. Maprofesa walitazama kwa mbali, na wengine hawakuficha chuki yao. Hali ilibadilika pale fedha zilipoongezeka na watu walipoanza kuumia. Mwaka 1892 Chuo Kikuu cha Chicago, kilichokuwa kimefungua milango mwaka huo huo, kilimwajiri Amos Alonzo Stagg awe mkuu wa idara ya mazoezi ya mwili na michezo. Rekta wake, William Rainey Harper, alimpa Stagg cheo cha ualimu wa chuo kikuu pamoja na ajira ya kudumu. Jambo hilo lilikuwa jipya. Mtu wa mpira aliingia katika daftari la walimu, akawa na idara yake na fedha zake. Stagg alidumu Chicago hadi mwaka 1932.

Mwaka 1905 vifo vya wachezaji wa futboli vilizidi hata Rais Theodore Roosevelt akawaita Ikulu wajumbe wa Harvard, Yale na Princeton. Matokeo ya kelele za mwaka huo yalikuwa kuundwa, mwaka 1906, kwa chama ambacho tangu mwaka 1910 kinaitwa NCAA, yaani chama cha kitaifa cha michezo ya vyuo. Leo chama hicho kina vyuo vipatavyo 1,100 na wachezaji zaidi ya 500,000. Tangu mwaka 1973 vyuo hivyo vimegawanywa katika madaraja matatu. Daraja la kwanza ndilo lenye fedha nyingi na viwanja vikubwa. Daraja la tatu halitoi burse za michezo hata moja.

Yafaa tukumbuke kwamba njia hii haikuwa ya lazima. Chuo kile kile cha Chicago, kilichompa Stagg cheo, ndicho kilichofuta futboli mwaka 1939 chini ya rekta Robert Maynard Hutchins. Timu ilirudi rasmi mwaka 1969, na leo Chicago kimo katika daraja la tatu, wala heshima ya elimu yake haikupungua. Lakini vyuo vingi vikubwa vilichagua njia nyingine. Huko Michigan uwanja uliofunguliwa mwaka 1927 sasa unachukua watu zaidi ya 107,000. Don Canham, aliyeshika idara ya michezo hapo kuanzia mwaka 1968 hadi 1988, hukumbukwa kama mtu aliyefundisha wenzake kutangaza mchezo kama bidhaa. Mwaka 1966 Chuo Kikuu cha Ohio kilianzisha masomo ya juu ya uongozi wa michezo. Kazi iliyokuwa ya mwalimu mzee wa timu ikawa taaluma yenye shahada yake.

4. Mkurugenzi hufanya nini?

Tuzigawe kazi zake katika mafungu manne.

Kwanza, yeye ndiye mwajiri. Huajiri na kufukuza walimu wa timu. Kazi hiyo si ndogo, kwa maana katika majimbo mengi ya Marekani mtumishi wa umma anayelipwa mshahara mkubwa kuliko wote si gavana wala rekta, bali ni mwalimu wa futboli au wa mpira wa kikapu. Mkurugenzi akikosea kuchagua, chuo hulipa mamilioni ya dola ili kuvunja mkataba.

Pili, yeye ni mtunza mfuko. Idara kubwa kabisa huingiza zaidi ya dola milioni 200 kwa mwaka, kutokana na viingilio, televisheni, matangazo na zawadi za wahitimu matajiri. Mwaka 1984 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, katika kesi iliyoletwa na vyuo vya Oklahoma na Georgia, kwamba NCAA haina haki ya kuhodhi mikataba ya televisheni ya futboli. Tangu hapo vyuo na miungano yao vinajiuzia vyenyewe. Msomaji asidhani, hata hivyo, kwamba vyuo vyote vinatajirika. Idara nyingi zaidi hutumia kuliko zinavyoingiza, na pengo huzibwa na fedha za chuo au na ada za wanafunzi wote, pamoja na wale wasiowahi kukanyaga uwanjani. Futboli na mpira wa kikapu wa wanaume ndizo ng'ombe zinazokamuliwa. Makasia, mieleka na michezo mingine hunywa maziwa hayo.

Tatu, yeye ni mlinzi wa sheria. Kanuni za NCAA ni nyingi, na adhabu zake zauma. Mwaka 1987 Chuo Kikuu cha Southern Methodist, jimboni Texas, kilikatazwa kucheza futboli msimu mzima kwa kuwa wachezaji walikuwa wakilipwa kwa siri; chuo hakikucheza mwaka 1988 pia. Zaidi ya kanuni za chama zipo sheria za nchi. Iliyo kubwa ni sheria ya elimu ya mwaka 1972, ambayo fungu lake la tisa linakataza ubaguzi wa kijinsia katika shule zinazopokea fedha za serikali. Kabla ya sheria hiyo wanawake waliocheza katika vyuo walikuwa wapatao 30,000. Leo wamepita 200,000. Mkurugenzi anayetaka kufuta timu ya wanawake ili kuongeza fedha za futboli atakutana na mawakili.

Nne, yeye ni daraja kati ya uwanja na darasa. Chini yake wamo washauri wanaofuatilia alama za wachezaji, maana mchezaji asiyefaulu masomo haruhusiwi kucheza. Ili daraja hilo lisiegemee upande mmoja, kila chuo hutakiwa kumteua profesa mmoja awe mwakilishi wa walimu katika mambo ya michezo. Hapa ndipo panapovuja zaidi, kama tutakavyoona.

Tukilinganisha na kwetu, tofauti yaonekana wazi. Timu ya Mazembe, iliyoundwa mwaka 1939 na kutwaa kombe la mabingwa wa Afrika mara tano, haikuzaliwa katika chuo kikuu wala haiulizi mchezaji wake amefaulu somo gani. Kwetu, kama ilivyo Ubelgiji na Ufaransa, mpira mkubwa ni mali ya timu za miji. Mwanafunzi hodari wa mpira huchukuliwa na timu ya mtaa, na chuo hukumbuka habari zake siku ya mtihani tu. Huko Marekani chuo chenyewe ndicho timu ya mji.

5. Mwanafunzi au mfanyakazi?

Sasa tufikie jambo ambalo mwanaisimu hawezi kulipita. Wachezaji hawa huitwa kwa jina la kuunganisha, ambalo kwa Kiswahili lingekuwa «mwanafunzi-mwanamichezo». Jina hilo laonekana kuwa la kawaida, hata la heshima. Lakini halikuzuka kinywani mwa watu; lilitungwa ofisini.

Mwaka 1955 mchezaji mmoja wa chuo cha Fort Lewis A&M, jimboni Colorado, alipigwa kichwani katika mchezo wa futboli akafa. Mjane wake aliomba fidia ile ile inayolipwa kwa jamaa ya mfanyakazi aliyekufa kazini. Swali lilikuwa moja: marehemu alikuwa kazini au mchezoni? Mwaka 1957 Mahakama Kuu ya Colorado ilikataa madai hayo. Katika miaka hiyo hiyo NCAA, iliyokuwa imekubali burse kamili za michezo mwaka 1956, iliogopa kwamba siku moja mahakama itasema mchezaji ni mwajiriwa. Walter Byers, aliyekuwa mkurugenzi mkuu wa chama tangu mwaka 1951 hadi miaka ya 1980, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1995 kwamba yeye na wenzake waliliunda jina la mwanafunzi-mwanamichezo kwa sababu ya hofu hiyo, na kwamba vyuo viliagizwa kulitumia. Mwanzilishi wa jina aligeuka kuwa shahidi dhidi yake.

Jina hilo lilifanya kazi miaka sitini. Kisha ukuta ulianza kupasuka. Mwaka 2014 ofisi ya serikali ya mahusiano ya kazi mjini Chicago ilisema wachezaji wa futboli wa Northwestern ni wafanyakazi. Mwaka 2015 baraza la juu lilikataa kuingilia, nao wakabaki bila chama cha wafanyakazi. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ya nchi, majaji wote tisa wakikubaliana, iliamua katika kesi ya Alston kwamba NCAA haiwezi kuzuia msaada wa ziada wa masomo kwa wachezaji. Tangu tarehe 1 Julai 2021 wachezaji wanaruhusiwa kupata fedha kwa matumizi ya jina na sura zao katika matangazo. Mwezi Juni 2025 jaji Claudia Wilken aliidhinisha mapatano katika kesi ya House: dola bilioni 2.8 kwa wachezaji waliocheza tangu mwaka 2016, zitakazolipwa kwa miaka kumi, pamoja na ruhusa kwa vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja, kwa mwaka wa 2025-2026 hadi kiasi cha dola milioni 20.5 kwa kila chuo.

Hivyo mkurugenzi aliyekuwa akiwinda malipo ya siri sasa ndiye anayegawa malipo ya wazi. Analazimika kuamua ni kiasi gani kiende kwa futboli, kiasi gani kwa wanawake, na timu gani ndogo zife. Na kuna kundi linalobaki mlangoni: wanafunzi wa kigeni. Viza ya mwanafunzi huko Marekani hairuhusu kazi ila kwa mipaka myembamba, na kwa sababu hiyo kijana aliyetoka Afrika aweza kuketi katika timu moja na mwenzake anayelipwa, akacheza dakika zile zile, akaogopa kutia saini mkataba usije ukamharibia viza. Kwake yeye swali la kama mchezo ni kazi si la wanasheria tu.

6. Kiswahili ndani ya habari hii

Huenda msomaji akauliza: haya yote yana nini na masomo ya Kiswahili? Yanayo mambo mawili, moja la kufurahisha na moja la kuhuzunisha.

La kwanza ni kwamba wazungumzaji wa Kiswahili wamepita njia hii na kung'aa. Henry Rono wa Kenya alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington alipovunja rekodi nne za dunia mwaka 1978, katika muda wa siku 81. Suleiman Nyambui wa Tanzania, aliyepata nishani ya fedha katika mbio za mita 5,000 huko Moscow mwaka 1980, alikimbilia Chuo Kikuu cha Texas mjini El Paso. Hasheem Thabeet, Mtanzania mwingine, alicheza kikapu Connecticut kabla ya kuchaguliwa wa pili kati ya wachezaji wote mwaka 2009. Naye Mutombo aliacha Kinshasa hospitali yenye jina la mama yake.

La pili ni habari ya Chuo Kikuu cha North Carolina huko Chapel Hill. Ripoti ya uchunguzi iliyotolewa mwezi Oktoba 2014 ilionyesha kwamba kwa muda wa miaka kumi na minane, kuanzia 1993 hadi 2011, wanafunzi zaidi ya 3,100 waliandikishwa katika masomo ya idara ya taaluma za Afrika ambayo hayakuwa na kipindi wala mwalimu. Mwanafunzi aliandika insha moja, naye akapewa alama nzuri bila insha kusomwa sawasawa. Karibu nusu yao walikuwa wanamichezo, na washauri wa masomo wa idara ya michezo waliwaelekeza huko. Miongoni mwa masomo yaliyoguswa lilikuwamo la Kiswahili: badala ya kujifunza lugha, mwanafunzi aliandika kwa Kiingereza juu ya utamaduni wa Waswahili. Mwaka 2017 NCAA ilisema haiwezi kutoa adhabu, kwa kuwa masomo hayo yalikuwa wazi kwa wanafunzi wote.

Jambo hilo lituumize kidogo. Ngeli, upatanisho wa sarufi, unyambuaji wa vitenzi, mambo tunayokesha nayo, yaligeuzwa kuwa kichaka cha kujificha. Waliodhulumiwa ni wengi: lugha yenyewe, walimu wake wa kweli, wanafunzi waliokuja kujifunza kwa dhati, na wachezaji pia, ambao waliahidiwa elimu badala ya mshahara, kisha elimu yenyewe wakaikosa. Kama malipo yao yalikuwa masomo, basi walipunjwa malipo.

7. Hitimisho

Tupendekeze maneno. Kwa cheo tunachokizungumzia tunaona «mkurugenzi wa michezo wa chuo kikuu» lafaa, mradi maneno mawili ya mwisho yasiachwe, ili msomaji asimfikirie mtu wa timu ya mji. Anayefundisha timu aitwe «mwalimu wa timu» au «kocha». Neno «riadha» liachiwe mbio na mirusho. Kuhusu «mwanafunzi-mwanamichezo», tunashauri litumike pale tu tunaponukuu au kueleza matumizi ya Wamarekani. Penginepo «mwanafunzi anayecheza» latosha, nalo halijifungi upande wowote wa kesi.

Kiswahili kina usemi ambao kila mtoto anaujua: kazi si mchezo. Kwa muda mrefu vyuo vya Marekani viliugeuza, vikasema kwamba mchezo si kazi, na juu ya maneno hayo wakajenga viwanja vya watu laki moja. Mahakama zao zinaendelea kuyapima. Sisi tunaotafsiri, tusiyapokee kabla hukumu haijatoka.